Mti wa Miaka Miwili, Punje ya Miezi Sita

Muulize mkulima yeyote wa Masisi, huku Kivu Kaskazini nchini Kongo, amepanda nini, atakutajia mahindi, maharage na viazi. Akiwa na migomba ataitaja pia. Mgogwe hatautaja, hata kama umesimama nyuma ya jiko lake umejaa matunda. Mti ule laini, wenye majani mapana yanayonuka ukiyafikicha, huhesabiwa kuwa mali ya watoto na wapita njia. Wasemao Kinyarwanda huyaita matunda yake ibinyomoro, waliosoma kwa Kifaransa huyaita pruni za Japani, na Wakenya huyaita magogwe. Mimi nitafuata Wakenya.

Kinachoniudhi si kule kusahauliwa kwake tu, bali namna unavyolinganishwa siku unapokumbukwa. Anakuja agronomu na daftari, anayaweka mahindi upande huu na magogwe upande ule, anauliza hekta moja inatoa kilo ngapi. Jibu atakalopata halimfai mtu. Gramu 100 za mahindi makavu zina kalori zipatazo 360, na gramu 100 za magogwe hazifiki 50, kwa kuwa sehemu kubwa ya tunda ni maji. Ukihesabu kwa tumbo, mahindi yameshinda kabla ya kuanza. Ukihesabu kwa faranga pale sokoni Goma, huenda magogwe mazuri yakageuza matokeo. Lakini hesabu zote mbili zinaruka maswali ambayo mlimaji wa Nyabiondo au Kitchanga hujiuliza kwanza: kitu hiki kitakaa ardhini muda gani, na ardhi yenyewe ni ya nani?

Huko tutafika. Nianze na ua, maana ua ndilo lililonifanya niupende mti huu.

Mgogwe ni ndugu wa bilinganya, kiazi ulaya, nyanya na tumbaku. Kwao ni miteremko ya Andes, kuanzia Bolivia hadi kaskazini-magharibi mwa Argentina. Kwa muda mrefu wanasayansi waliuweka katika jenasi ya Cyphomandra, peke yake na jamaa zake wa karibu, mpaka mwaka 1995 Lynn Bohs wa Marekani alipourudisha katika Solanum, walimo bilinganya na viazi. Ua lake ni dogo, jeupe lenye wekundu wa mbali, lina petali tano, na katikati vimesimama vifuko vitano vya chavua. Vifuko hivyo havipasuki ubavuni kama vya maua mengi. Kila kimoja kina vitundu viwili vidogo kwenye ncha, na chavua haina mlango mwingine wa kutokea.

Sasa chavua hiyo itatokaje? Mwaka 1993 watafiti waliochunguza jamaa wa mgogwe wa porini huko Amerika ya Kusini walieleza jambo ambalo mtu angedhani limetungwa. Maua yale hayana asali ya kumvutia nyuki. Badala yake, mgongo wa kila kifuko ni mnene na hutoa marashi. Wageni wanaoyafuata ni madume wa nyuki wa okidi, na hawaji kula. Dume wa jamii hiyo hukusanya harufu kutoka maua mbalimbali, akazihifadhi ndani ya miguu yake ya nyuma, kisha huzitumia kutafutia mchumba. Akitua kwenye ua, anakwangua marashi kwa vibrashi vya miguu ya mbele. Anapokwangua anabonyeza, na kuta za kifuko ni nyembamba na ndani yake mna hewa. Hewa ikibanwa hutoka kwa nguvu kupitia vile vitundu viwili na kupuliza chavua mwilini mwa nyuki. Ni mivukuto ya mfua vyuma, ila anayeivukuta hajui kama anafanya kazi. Yeye yuko kwenye shughuli zake za uchumba, na ua linamtumia.

Nyuki wa okidi hawapatikani popote nje ya mabara ya Amerika. Kwa hiyo kila ua la mgogwe linalofunguka Masisi limejengwa kwa ajili ya mgeni ambaye hatafika kamwe. Na bado mti unazaa! Unazaa kwa sababu hauhitaji chavua ya mti mwingine. Chavua yake yenyewe inatosha, mradi kitu fulani kiitikise. Huku kwetu upepo wa milimani huifanya kazi hiyo. Wale nyuki weusi wakubwa watoboao mbao za nyumba, ambao watu huwaua bure, wanajua kuling'ang'ania ua la jamii hii na kutetemesha misuli yao hadi chavua imwagike. Nyuki wetu wa asali hawana ufundi huo. Mtoto anayepanda kuchuma tunda naye anachangia bila kujua. Ua lisilopata chavua hudondoka.

Ndiyo maana mgogwe uliobanwa kati ya ukuta na migomba, mahali upepo haupiti, huchanua vizuri na kumwaga maua chini, halafu mwenye nyumba anasema mti una laana. Hauna laana yoyote. Mtu atoke asubuhi umande ukikauka, ashike matawi ayatikise taratibu, afanye hivyo mara kwa mara wakati wa maua. Sijawahi kusikia semina ya kilimo iliyofundisha jambo hili dogo, na semina tumezihudhuria nyingi.

Mahindi nayo yanategemea upepo, ila kwa mpango mwingine kabisa. Ua la kiume liko juu, kwenye kilele cha mmea, na la kike liko ubavuni, ndani ya maganda. Zile nywele laini zinazotokeza kwenye ncha ya hindi si mapambo. Kila unywele unakwenda hadi kwenye punje moja, yake peke yake. Chembe ya chavua ikinasa kwenye unywele, huchomoza mrija unaoteremka ndani yake kwa urefu wote, pengine sentimita 30, na hufika kwenye yai la punje kwa muda wa siku moja hivi. Unywele usiopata chavua hauna punje. Ukikuta hindi lenye mapengo, usimlaumu muuza mbegu kabla hujajiuliza jua lilikuwaje wiki ya nywele. Kiangazi kikibana wakati huo, nywele huchelewa kutoka, chavua inapukutika na kwisha, na gunzi linabaki wazi.

Chavua ya mahindi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Sehemu kubwa huanguka mita chache tu kutoka kwenye mmea ulioitoa. Kwa hiyo mistari miwili mirefu ya mahindi kando ya njia itakupa mahindi yenye mapengo, wakati idadi ileile ya mimea ikipangwa kwenye kipande cha mraba hujaza magunzi vizuri. Mahindi yanataka kuwa mengi na kukaa pamoja. Mgogwe ukiwa mmoja, uani, unazaa kama kawaida. Tofauti hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini zao moja lina shamba na jingine lina kona.

Tuje kwenye muda. Katika nyanda za chini mahindi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Kwenye milima ya Masisi, ambayo katika sehemu nyingi hupita mita 2,000, baridi huyachelewesha hadi miezi mitano, sita, hata zaidi. Mgogwe uliopandwa kwa mbegu hutoa tunda la kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, hufikia nguvu zake kuanzia mwaka wa tatu au wa nne, na huzeeka kabla ya kumaliza miaka kumi na miwili. Tunda lenyewe hukaa mtini miezi mitano au sita toka ua hadi kuiva. Lakini kwa kuwa hapa karibu na mstari wa ikweta hakuna baridi kali ya kuusimamisha, mti mmoja huwa na maua, matunda mabichi na matunda mabivu kwa wakati mmoja, na mwenye nyumba anachuma kidogo kidogo kwa miezi mingi.

Kwingineko tofauti hiyo ni suala la mtaji. Masisi ni suala la usalama. Mwezi wa Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Masisi-centre, kisha Sake, kisha Goma, wakati mahindi yaliyopandwa Septemba yalikuwa yanakaribia kuvunwa. Mwezi wa Machi likafika Walikale-centre, likaondoka mwanzoni mwa Aprili. Anayekimbia anaweza kuvunja mahindi mabichi yaliyo karibu na njia akayachoma akifika. Anayewahi kurudi anaweza kupanda tena msimu huohuo. Mgogwe haubebeki na hauharakishwi. Ukiachwa, matunda yanaiva na kuanguka, na magugu yanaufunika.

Hapo wengi huishia, wakasema basi mahindi ndiyo zao la vita. Mimi sikubali moja kwa moja. Mahindi hukomaa yote pamoja, huvunwa yote pamoja, na hukaa ghalani pamoja. Wenye bunduki wanaijua ratiba hiyo kama anavyoijua mlimaji, na ghala moja linabebwa kwa usiku mmoja. Mgogwe hawezi mtu kuupora wote. Atachuma yaliyoiva leo, na ya wiki ijayo yatabaki kwa wenyewe. Tena hauombi mikono mingi. Vijana wakienda kuchimba koltani Rubaya au kutafuta riziki kwenye machimbo ya Bisie, bibi mmoja nyumbani anautunza bila jembe.

Kizuizi kikubwa kuliko vita ni ruhusa, na hili madaftari ya agronomu hayana safu yake. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya Masisi iligawiwa kuwa mashamba ya walowezi enzi za Wabelgiji, halafu baada ya 1973, mwaka wa sheria ya ardhi na wa zaireanizasyo (mali za wageni kukabidhiwa Wazaire), ikahamia mikononi mwa watu wachache wenye vyeo na pesa. Vilima vingi ni malisho ya ng'ombe. Mlimaji asiye na ardhi anapewa kipande kwa msimu, analipa kwa mavuno, kwa pesa au kwa siku za kazi za salongo, na mapatano ni ya mdomo. Anaruhusiwa kupanda mahindi, maharage na viazi. Mti haruhusiwi, kwa sababu mti ni ushahidi. Aliyepanda kitu kinachoishi miaka kumi ameanza kusema kwamba hapa ni pake. Jirani zetu Washi wa Kivu Kusini wana utaratibu ulio wazi zaidi: anayelima kwa kalinzi ana haki ya kudumu na hupanda migomba, anayelima kwa bwasa amekodi kwa msimu na mazao ya kudumu hayamhusu. Kwa hiyo mtu akikuambia wakulima wa Masisi hawapendi miti ya matunda, muulize kwanza wamepanga au wamemiliki. Kugawa miche kwa wapangaji, kama yanavyofanya mashirika kadhaa, ni kupiga picha tu. Miche inahesabiwa siku ya kugawiwa. Siku ya kuzaa haina mtu wa kuihesabu.

Kwa Walikale mambo yanageuka tena. Barabara ikiteremka kutoka Masisi kuelekea magharibi unaiacha nyasi ya ng'ombe na kuingia msituni, chini ya mita 1,000, kwenye joto na mvua. Mgogwe ukiupeleka huko utakupa majani makubwa ya kupendeza na matunda machache au hakuna, kwa kuwa mti huu unataka usiku wa baridi ili uzae. Usijisumbue. Mahindi yanaota Walikale, tena haraka, lakini kazi iko baada ya kuvuna. Punje inakataa kukauka, fukusi wanaingia, kuvu zinaota, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumukuvu isiyoondoka kwa kupikwa. Wenyeji wa huko hawakuwa wajinga walipoegemea ndizi za kupika, mihogo na mpunga wa nchi kavu. Anayetaka kuwaletea mahindi awaletee kwanza mahali pa kuyakaushia.

Huko juu Masisi mgogwe nao una udhaifu wake, nisije nikaonekana nauuza. Mizizi yake iko juujuu na matawi ni mepesi kuvunjika, kwa hiyo upepo uleule unaouzalisha unaweza kuulaza ukiwa na mzigo wa matunda. Upande kando ya uzio au uufungie mti wa kuegemea. Maji yakituama shinani unakufa kwa siku chache. Wanaosema utashika udongo wa miteremko wanajidanganya, maana mizizi ya namna hiyo haizuii maporomoko. Lakini mahindi ni mabaya zaidi: yanataka ardhi ilimwe iwe wazi kila msimu, na mvua ya Septemba inaukuta udongo hauna kitu juu yake. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira nao husukumwa na upepo kuelekea magharibi, juu ya Sake na vilima vya Masisi, na mvua inayopita ndani yake huunguza majani ya mazao. Kosa ninaloliona zaidi ni kuupanda mgogwe katikati ya viazi. Hao ni ndugu wa damu. Vidukari, virusi na minyoo ya mizizi vya mmoja vinahamia kwa mwingine. Maharage chini yake, sawa. Mahindi kando yake kuukinga upepo ukiwa mchanga, vizuri sana. Viazi na nyanya, mbali.

Mahindi nayo yamepata maadui wapya. Ugonjwa wa mnyauko unaohitaji virusi viwili kukutana ndani ya mmea mmoja ulizuka Kenya mwaka 2011 na haukuchukua miaka mingi kuvuka hadi Kivu Kaskazini. Viwavijeshi kutoka Amerika waliingia Afrika mwaka 2016. Tofauti ni kwamba mahindi yakiugua yana watetezi: kuna vituo vya utafiti toka Mexico hadi Mulungu ya Kivu Kusini, kuna mbegu mpya, kuna mikutano. Mgogwe ukiugua unakatwa kuni, na hata kuni zake hazifai.

Kwenye sahani ndipo mahali pekee ambapo viumbe hawa wawili wanahitajiana. Punje ya mahindi ina niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuipata vizuri. Watu wa Mexico, walioyafuga mahindi miaka ipatayo 9,000 iliyopita, waliyachemsha kwa chokaa au majivu na kuifungua. Mbegu ilivuka bahari na Wareno, mapishi yakabaki. Ndiyo maana bugali wa mahindi mtupu, siku baada ya siku, huleta pelagra, na ndiyo maana maharage hayapaswi kukosekana. Sasa, chuma kilichomo katika maharage na mahindi nacho ni kigumu kufyonzwa, na kinachokisaidia ni vitamini C. Punje kavu haina vitamini hiyo. Gogwe linayo, pamoja na vitamini A. Tunda moja baada ya bugali na maharage linafanya kazi ambayo kijiko cha ziada cha bugali hakiwezi. Kwa mama mjamzito wa kijiji kisicho na duka la dawa, hilo si jambo dogo.

Na bado magogwe yanaoza. Gogwe lililochumwa na kikonyo chake, bila kubonyezwa, linavumilia wiki moja au mbili kivulini, na kwenye baridi ya jokofu zaidi ya mwezi. Yetu yanatingishwa na kurundikwa kwenye magunia yaliyotengenezewa punje, yanapanda chukudu, ile baiskeli ya mbao, au lori lililojaa makaa, yanateremka barabara iliyoharibika hadi Sake na kuvuka vizuizi, kila kizuizi na tozo yake. Yanafika Goma yamepondeka, halafu dukani hapohapo tunanunua juisi ya pakiti iliyotoka ng'ambo. Gunia la mahindi linavumilia safari hiyohiyo bila kulalamika, na nadhani nusu ya sifa tunazoyapa mahindi ni sifa za barabara mbaya. Makreti ya mbao, yenye majani makavu ya migomba chini, yangetosha kuokoa sehemu nzuri ya mzigo. Mbao zipo. Mafundi wanaochonga chukudu wapo.

Matumizi mengine, kwa haraka. Mahindi: bugali, uji, ya kuchoma, ya kuchemsha na maharage, kanyanga na lutuku kwa wanaokunywa, pumba kwa kuku na nguruwe, mabua kwa ng'ombe wa Masisi wakati wa kiangazi, maganda ya kufungia, magunzi ya kuwashia moto. Magogwe: kukatwa katikati na kukombwa kwa kijiko, juisi yenye sukari, jemu, mchuzi wa nyama pamoja na vitunguu na pilipili badala ya nyanya. Ganda ni chungu, limwagie maji ya moto litavuka lenyewe. Juisi ya yale mekundu haitoki kwenye nguo.

Atakayejaribu achague tunda la mti wenye afya, aoshe mbegu, azikaushe kivulini, azioteshe kitaluni na kuhamisha miche ikiwa na urefu wa shubiri mbili. Kuna wanaopanda tawi kwa sababu linazaa mapema, na ni kweli linazaa mapema, ila linatoa kichaka kifupi kinachotandaza matawi karibu na ardhi. Wa mbegu huenda juu wima kwanza, kwa urefu wa mtu mzima, ndipo unatawanya matawi. Penye mbuzi, panda mbegu.